Seli hujuaje pa kukaa? Kushikana, kuvutana na kuachiana wakati tishu zinajengwa

Makumbi ya nazi yanayofukiwa kwenye matope ya pwani ya Tanga hukaa humo kwa miezi, yakipitiwa na maji ya kujaa na kupwa, ndipo yafukuliwe, yapondwe, yatoe usumba wa kusokotea kamba. Kazi inayofanyika humo matopeni ni ya bakteria. Seli za mnazi zimegandishwa moja kwa nyingine kwa pektini, aina ya sukari ndefu ambayo kalsiamu huifunga ikawa ngumu. Bakteria wakishaila pektini hiyo, nyuzi huachana. Ukifukua mapema, nyuzi hutoka na ganda lake, na kuponda hakusaidii. Ndivyo mimea ilivyo: seli ikizaliwa ubavuni mwa mwenzake, hapo hapo itakua na hapo hapo itafia.

Mwili wa mnyama haujengwi hivyo. Katika wiki za mwanzo za mimba, seli husafiri, hupitana, hubadilisha majirani na kujipanga katika matabaka, na baadhi yao hutoka mgongoni zikaenda kuishia usoni au kwenye utumbo. Ile picha ya shuleni ya matofali na saruji, kila seli tofali na katikati yake gundi, inatupotosha tangu mwanzo. Ukuta wa matofali hauwezi kujikunja ukawa bomba huku bado umesimama. Seli za mnyama hushikana kwa mikono inayoachia na kushika tena. Umbo la tishu hutokana na mambo matatu: mikono ni mingapi, ni ya aina gani, na kila seli inaukaza kiasi gani utando wake yenyewe. Hilo la tatu ndilo husahaulika, na ndilo lililowachelewesha watafiti miaka mingi.

Ushahidi wa kwanza ulitoka baharini. Mwaka 1907 mwanabiolojia wa Marekani H. V. Wilson, akifanya kazi Beaufort katika pwani ya North Carolina, alimkata sponji hai vipande vidogo, akavifunga katika kitambaa cha hariri chenye matundu madogo sana, akavikamulia ndani ya maji ya bahari. Kilichotoka kilikuwa wingu la seli mojamoja. Sponji ni mnyama, ingawa hana neva wala moyo, na kukamuliwa namna ile kungetosha kuwaua karibu wanyama wengine wote. Seli zile zilishuka chini ya chombo, zikaanza kutambaa, zikakutana, zikashikana vibonge vibonge. Baada ya siku kadhaa vibonge vikawa sponji wadogo wenye mifereji ya kupitisha maji. Kazi ya aina hiyo ilipofanywa kwa kuchanganya seli za sponji mwekundu na wa manjano, seli zilijitenga: nyekundu zikaungana na nyekundu, njano na njano.

Mwalimu wa sekondari aliye Sahare au Tongoni, mwenye darubini ya kawaida, anaweza kulifanya zoezi hili na wanafunzi wake. Kwanza kibali. Sehemu kubwa ya bahari ya Tanga imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyoanzishwa mwaka 2009, na kuchukua kiumbe hai humo kwa ajili ya masomo kunahitaji ruhusa ya mamlaka ya hifadhi. Ukishaipata, ngoja siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali. Chukua kipande cha sponji laini kisichozidi sentimita 2, na kisafirishe ndani ya maji ya bahari bila kukitoa hewani. Vaa glavu, kwa maana sponji wengi wana vijiti vya silika vinavyochoma na kuwasha.

Kata kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole, kisafishe mchanga kwa maji ya bahari mara tatu, kifunge katika shashi laini iliyokunjwa mara mbili, kisha kikamulie taratibu ndani ya bakuli lenye mililita 100 za maji ya bahari. Maji yawe na ukungu tu. Yakiwa mazito kama tui la kwanza umezidisha: seli nyingi zitakufa, zitaoza, na oza hiyo itaua zilizobaki. Tikisa bakuli kwa mzunguko wa polepole ili seli zikutane. Ukitikisa kwa nguvu unazitenganisha zinaposhikana. Weka kivulini. Baada ya nusu saa hivi, tone moja chini ya darubini litaonyesha vishada vya seli chache. Baada ya saa kadhaa vibonge huonekana kwa macho, na hapo badilisha nusu ya maji. Kati ya siku moja na tatu, vibonge vilivyo hai huwa mviringo na kupata ngozi laini kwa nje. Vingi havifiki zaidi ya hapo katika bakuli la darasani kwa sababu hewa huwa haba na bakteria ni wengi, lakini somo lenyewe limekwisha kuonekana.

Bakuli la pili ndilo lenye fundisho kubwa zaidi. Tengeneza maji yenye chumvi kama bahari lakini yasiyo na kalsiamu: gramu 31 za sodiamu kloraidi safi ya maabara katika lita moja ya maji yaliyotoneshwa, na magadi ya kupikia kidogo sana, kiasi cha gramu 0.2. Usitumie chumvi ya mashamba ya pwani, kwa kuwa ina kalsiamu na magnesiamu za kutosha kuharibu jaribio. Suuza kipande cha sponji katika maji hayo mara nne au tano kabla ya kukamua, la sivyo kalsiamu iliyobaki mwilini mwake itakudanganya. Seli zitatoka kama kawaida, zitazunguka bakulini, na hazitashikana. Rudisha maji ya bahari, ambayo yana takribani milimoli 10 za kalsiamu kwa lita, nazo zilizo hai zitaanza kushikana. Ukitumia maji ya bomba, utaona seli zikipasuka kwa kunywa maji, na hilo halina uhusiano wowote na kushikana.

Kishikizo cha sponji ni molekuli kubwa ya protini na sukari iliyo nje ya seli. Sisi wanadamu hatutumii hiyo. Lakini kalsiamu inarudi tena na tena katika habari hii, kwenye makumbi, kwenye sponji na kwenye ngozi yako.

Kutoka kwa sponji, swali likahamia kwa viinitete, yaani wanyama walio katika hatua za mwanzo za kujengwa. Johannes Holtfreter, aliyefanya kazi hii Ujerumani kisha Marekani, alijua kwamba kiinitete cha chura au salamanda huachana kikawa seli mojamoja kikiwekwa katika maji ya alikali, yenye pH karibu na 10. Yakirudishwa maji ya kawaida, seli hushikana upya. Mwaka 1955 yeye na Philip Townes walichapisha matokeo ya kuchanganya seli za matabaka matatu ya kiinitete ovyo ovyo, kama mtu anayechanganya mchele, choroko na kunde. Seli hazikubaki mchanganyiko. Ektodemu, tabaka linalozaa ngozi, ilitoka nje. Endodemu, inayozaa utumbo, ikaingia ndani. Mesodemu, inayozaa misuli, ikakaa katikati. Ni mpangilio ule ule wa mwili, ingawa hakukuwa na kitu chochote nje ya seli zenyewe cha kuziongoza.

Karibu na wakati huo Aron Moscona alitumia tripsini, kimeng'enya kinachokata protini, kutenganisha seli za viinitete vya kuku na panya. Alipozichanganya, seli za gegedu la kuku zilijiunga na seli za gegedu la panya zikafanya gegedu moja, na seli za ini zikajiunga na za ini. Zilichagua tishu, hazikuchagua mnyama. Hili ni muhimu kuliko linavyoonekana: anuani iliyoandikwa juu ya seli ni ya zamani sana, imerithiwa na ndege na mamalia kutoka kwa babu mmoja wa mbali.

Lakini kwa nini huyu awe ndani na yule nje? Kama kila seli inapenda wa aina yake tu, tungetegemea vibonge viwili ubavu kwa ubavu, si kibonge kimoja kinachofunika kingine. Jibu la mwanabiolojia wa Marekani Malcolm Steinberg, alilolieleza kwa ukamilifu mwaka 1963, lilitoka kwenye fizikia ya vimiminika.

Tazama mchuzi wa samaki uliotiwa tui na kuachwa utulie. Mafuta ya nazi huelea juu kama vijicho vya duara. Sukuma vijicho viwili vikutane: kwanza hugusana, kisha shingo nyembamba inaunganisha, shingo inanenepa, na ghafla ni duara moja kubwa. Hakuna aliyeyaagiza. Molekuli za mafuta hushikana zenyewe kwa zenyewe, na iliyoko ukingoni imekosa jirani upande mmoja. Kadiri ukingo unavyopungua ndivyo molekuli nyingi zaidi zinavyopata majirani pande zote. Ndiyo maana tone ni duara, na matone mawili huwa moja. Nguvu hiyo inayovuta ukingo uwe mfupi huitwa mvutano wa uso.

Vibonge viwili vya moyo wa kifaranga vikiwekwa pamoja hufanya vivyo hivyo, isipokuwa huchukua saa nyingi badala ya kufumba na kufumbua. Sasa changanya seli za aina mbili, moja inashika sana, nyingine inashika kidogo. Kila seli inatambatamba na kubadilisha majirani. Zile zenye mshiko mkubwa zikikutana hazitaki kuachana, kwa hiyo taratibu hukusanyika na kuwasukuma wengine pembeni. Ukingoni lazima akae mtu, na anayepoteza kidogo kwa kukosa jirani ni yule mwenye mshiko dhaifu. Basi dhaifu huishia nje, naye huwafunika wenye nguvu.

Uzuri wa nadharia hii ni kwamba inapimika. Mwaka 1996 Ramsey Foty, Steinberg na wenzao walibana vibonge vya tishu za kiinitete cha kuku kati ya bamba mbili na kupima nguvu na mkunjo wa kingo zake. Chipukizi la mguu lilikuwa na mvutano wa uso wa daini (kipimo kidogo cha nguvu) 20.1 kwa sentimita, tabaka la rangi la jicho 12.6, moyo 8.5, ini 4.6 na retina 1.6. Maji safi yana 72 hivi, kwa hiyo tishu ni kimiminika kilegevu sana. Wakichanganya mbili kati ya hizo, yenye namba ndogo ilifunika yenye namba kubwa: ini likafunika moyo, retina ikafunika ini. Ngazi nzima ilipangika kwa namba moja.

Mikono yenyewe ni nini? Mwaka 1977 Masatoshi Takeichi wa Japani aligundua jambo lililomtaka mtu makini kuliona. Tripsini ikitumika pamoja na dawa ya kuondoa kalsiamu, kama EDTA, seli hutengana na kupoteza uwezo wa kushikana. Tripsini hiyo hiyo ikitumika penye kalsiamu, seli hutengana lakini hubaki na uwezo wao. Maana yake ni kwamba kuna protini ambayo kalsiamu huikinga isikatwe. Mwaka 1984 aliipa jina la kadherini.

Kadherini hutokeza nje ya seli kama mkono wenye vipande vitano vilivyoungwa mwisho kwa mwisho. Kwenye kila kiungo kati ya vipande hukaa ayoni tatu za kalsiamu, na ndizo zinazofanya mkono uwe mgumu na kupinda vizuri kama upinde. Ziondoe, mkono unalegea kama kamba iliyolowa, hauwezi kumshika mwenzake, na tripsini inaukata pasipo shida. Kipande cha mwisho huingiza kijino cha asidi amino moja, triptofani, kwenye tundu la kadherini ya seli ya pili, na ya pili hufanya vivyo hivyo. Jozi moja ni dhaifu sana. Nguvu hutokana na kukusanyika jozi nyingi mahali pamoja. Kwa ndani, kadherini hushika protini ziitwazo katenini, na katenini hushika nyuzi za aktini, ile kamba ya misuli iliyomo katika kila seli. Seli zikivutana, alfa-katenini hunyooka na kufunua mahali pa kushikilia protini nyingine, vinkulini, inayoleta aktini zaidi. Kwa hiyo kiungo kinachovutwa huongeza nguvu badala ya kukatika. Saruji haifanyi hivyo.

Kuna kadherini za aina nyingi. Ya E hupatikana kwenye ngozi na bitana za viungo, ya N kwenye neva na misuli, ya P hujulikana tangu kondo la nyuma. Mara nyingi kila aina hupendelea ya aina yake, lakini wingi nao una kazi. Mwaka 1994 Steinberg na Takeichi walichukua seli ambazo kwa asili hazina kadherini, wakazipa kadherini P kwa viwango viwili tofauti, wakazichanganya. Mkono ni ule ule mmoja, tofauti ni idadi tu, na zenye nyingi ziliingia ndani kama ilivyotabiriwa.

Anayefanya jaribio hili maabara huangushwa na mambo madogo. Seli za kwenye sahani huoshwa mara mbili kwa maji ya chumvi yasiyo na kalsiamu, kwa sababu mabaki ya seramu huzuia tripsini. Kipimo cha kawaida ni tripsini asilimia 0.25 pamoja na EDTA, nyuzijoto 37, dakika 2 hadi 5. Ukipitisha muda huo, seli hupasuka, DNA yao hutoka, na kila kitu hugandamana kama makamasi; watu huona vibonge na kudhani ni kushikana kwa kweli. Dawa yake ni kimeng'enya cha kukata DNA. Kosa baya zaidi ni kuanza kupima papo hapo baada ya tripsini na EDTA: kadherini zimekatwa zote, seli zinahitaji saa kadhaa kutengeneza nyingine, na anayepima mapema atasema seli zake hazishikani. Kama kadherini ndizo unazozipima, tripsini itumike penye kalsiamu, angalau milimoli 1 kwa lita, ambayo inakaribia ile iliyo huru katika damu yetu, 1.1 hadi 1.3. Kisha seli huning'inizwa katika matone ya mikrolita 10 hadi 30 chini ya kifuniko cha sahani, ili zisipate sakafu ya kushika, na huachwa siku moja au mbili. Tone likikauka pembeni chumvi hupanda na seli hufa, hivyo chini ya sahani huwekwa maji.

Mpaka hapo nadharia inapendeza. Kisha akaja samaki. Mwaka 2008 kundi la Carl-Philipp Heisenberg lilipima, seli kwa seli, matabaka ya kiinitete cha samaki mdogo wa milia anayefugwa sana maabara. Ektodemu ilikuwa na mshiko mdogo kuliko wenzake. Kwa hesabu ya Steinberg ilipaswa kukaa nje. Ilipochanganywa, ikaingia ndani. Kilichokuwa kikubwa kwa ektodemu ni mkazo wa utando wake: chini ya utando wa kila seli kuna wavu wa aktini na miosini, protini inayozivuta nyuzi za aktini, unaobana, kama mpira wa miguu uliojazwa upepo sana. Wavu huo ulipolegezwa kwa dawa, mpangilio ulivurugika.

Hapa ndipo mada hii hueleweka au hupotea. Kwamba mvutano wa uso wa tishu ni wingi wa gundi tu, hiyo ndiyo dhana iliyozoeleka, nayo haitoshi. Seli mbili zikigusana, kuna nguvu mbili zinazoshindana: mshiko unataka mguso uwe mpana, na mkazo wa utando unataka kila seli iwe duara peke yake. Kazi kubwa ya kadherini, kama vipimo vya baadaye vilivyoonyesha, ni kutuma ujumbe ndani ya seli wavu wa miosini ulegee pale penye mguso, huku ukiendelea kukaza upande ulio wazi. Tofauti kati ya ukazo wa nje na ulegevu wa ndani ndiyo inayobandika seli pamoja. Gundi pekee isingetosha, na mkazo pekee ungezitenga. Namba za mwaka 1996 bado ni sahihi. Kilichobadilika ni maelezo ya zinakotoka.

Mfano unaoonekana vizuri ni kiinitete cha panya chenye seli nane. Kwa saa kadhaa seli hizo ni kama zabibu nane zilizogusana, unaziona moja moja. Kisha kila moja hujibapa juu ya jirani zake, mipaka hufifia, na kinabaki kitu kinachofanana na mpira mmoja laini. Ondoa kalsiamu, zabibu zinarudi. Irudishe, zinabanana upya. Zamani hili lilielezwa kwa kadherini E tu. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2015 vilionyesha kwamba mkazo wa upande wa nje huongezeka takribani mara mbili wakati huo, na huo ndio unaofanya sehemu kubwa ya kazi. Panya asiye na kadherini E kabisa hashindwi kwenye hatua hii, kwa kuwa yai la mama lilimwachia akiba. Hushindwa siku chache mbele, akiba ikiisha, anapotakiwa kutengeneza tabaka la nje litakalojishikiza kwenye tumbo la uzazi.

Seli haishiki seli tu, hushika pia sakafu. Chini ya kila bitana kuna mkeka mwembamba wa protini za laminini na kolajeni, na mikono inayoushika huitwa integrini, jina lililotolewa mwaka 1986. Integrini hutambua alama fupi mno: kwenye fibronektini, protini nyingine iliyo nje ya seli, asidi amino tatu tu zilizofuatana zinatosha. Usahihi huo wa anuani una upande wake wa hatari, na mkoa wa Tanga unaujua kwa machungu. Vimelea vya malaria, vikishaingia katika chembe nyekundu, hutoa nje protini ya kunatia. Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy walionyesha kwamba chembe zenye vimelea kwenye kondo la nyuma hushika sukari moja mahsusi, kondroitini salfeti A. Baadaye watafiti hao walifanya kazi na akina mama na watoto wa Muheza. Mama wa mimba ya kwanza huumia zaidi kwa sababu mwili wake haujawahi kuuona mkono huo na hauna kinga dhidi yake; mimba zinazofuata huwa amekwisha kuujua.

Na kuachia je? Mwaka 1998 Parry Guilford na wenzake waligundua, katika familia ya Wamaori wa New Zealand iliyokuwa ikipoteza watu kwa saratani ya tumbo, kwamba kilichoharibika ni jeni ya kadherini E. Saratani hiyo ni ngumu kuiona kwa kamera ya tumboni, na sababu iko wazi ukijua habari hii: seli zisizoshikana hazijengi uvimbe, hupenya mojamoja chini ya bitana inayoonekana nzima. Hata hivyo kuachia si ugonjwa kwa asili yake. Kiinitete huachia kwa makusudi, mahali maalumu, kwa muda maalumu.

Mrija wa neva, unaozaa ubongo na uti wa mgongo, unaonyesha yote hayo kwa pamoja. Katika wiki ya tatu baada ya yai kurutubishwa, mgongoni mwa kiinitete kuna bamba bapa la seli. Seli za katikati hukaza miosini upande wa juu tu, kila moja ikawa kama kabari, na bamba linajikunja. Wakati huo huo zinaacha kadherini E na kuvaa kadherini N, hivyo kingo mbili zinapokutana, ngozi inajiunga na ngozi juu na mrija unajiunga na mrija chini, bila kunatana. Pale pale kwenye mshono, baadhi ya seli hulegeza mshiko na kuondoka. Hizo ndizo zitakazofanya neva za utumbo, rangi ya ngozi na sehemu kubwa ya mifupa ya uso. Mrija hufungwa kabisa kufikia siku ya 28 hivi baada ya yai kurutubishwa. Upande wa chini usipofungwa, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Upande wa juu usipofungwa, ubongo haujengeki na mtoto haishi.

Asidi ya foliki haiongezi kadherini wala kukaza miosini. Inazisaidia seli kutengeneza DNA na kugawanyika kwa kasi inayotakiwa siku hizo. Jaribio kubwa lililoongozwa kutoka Uingereza na kuchapishwa mwaka 1991 lilionyesha kwamba, kwa akina mama waliokwisha kuzaa mtoto mwenye tatizo hili, miligramu 4 kwa siku tangu kabla ya mimba zilipunguza kujirudia kwake kwa asilimia 72. Kwa mwanamke mwingine yeyote anayeweza kushika mimba, kipimo ni mikrogramu 400 kwa siku. Neno zito hapo ni kabla. Siku ya 28 baada ya kurutubishwa ni wiki mbili tu tangu hedhi ilipotakiwa kuja na haikuja; wengi hawajapima, na mama anayefika kliniki mwezi wa tatu anapewa vidonge vyenye faida nyingine nyingi, lakini mrija wa mtoto ulikwisha kufungwa au kushindwa kufungwa. Ndiyo maana unga wa dukani wenye alama ya kuongezwa virutubishi una uzito wake hapa: unamfikia mama ambaye hajui bado kwamba ni mjamzito. Mahindi yanayosagwa kwenye mashine ya mtaani hayana nyongeza hiyo, isipokuwa pale mashine ilipofungwa kifaa cha kuichanganya.